Herufi H

Nimezima kioo cha kompyuta, betri ipumue.
Umeme wa Nkuhungu umekatika tangu alasiri
na upepo wa Julai unakwaruza bati
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Wanaoona huja hapa na simu zao.
Husukuma ukurasa kwa kidole gumba, juu, juu, juu,
kama wanavuta maji kisimani
kwa kamba wasiyojua urefu wake.
Mimi siteremki ukurasa. Naruka.

H: kichwa cha habari. H tena: kinachofuata.
Shifti na H: nimepitiliza, narudi.
Mbili, nikitaka vichwa vidogo tu,
vile ambavyo chini yake huficha tarehe za mwisho.
K ni kiungo, F ni fomu, B ni bonyeza.
Nilipofundishwa hizi tatu nilicheka,
kana kwamba aliyezipanga aliwahi kula mlenda kwetu.
T ndiyo iliyonisumbua. Jedwali halianzi na T.
Nikaiita tuta,
na hapo hapo nikawa Hombolo, shamba la zabibu la baba,
mkono juu ya waya, nguzo hadi nguzo.
Sikuwahi kupotea humo.
Kontroli, Alti, mshale wa kulia: nguzo.
Mshale wa chini: mstari mwingine.

Sauti niliyonayo ni ya mgeni.
Inasoma Kiswahili na kiazi cha moto mdomoni;
Ng'ong'ona inaitamka kwa vituo vinne
kama gari bovu linalowashwa.
Nimeizoesha mbio. Shemeji akisikiliza
anasema ni nyuki ndani ya debe.
Mimi humo debeni nasikia hadi mkato na nukta.

Leo yametoka majina ya walioitwa kwenye usaili:
elfu moja mia nne na kitu, nafasi kumi na mbili.
Yaredi wa duka la mkaa amekaa mlangoni,
saa nzima, kidole chake bado kiko herufi D.
"Dada Nyemo, nitafutie."
Kontroli na F. Mbeleje. Ingiza.
Mia saba themanini na tatu. Yumo.
Aliruka hadi ndoo ikamwagika.

Kisha langu.
Nhembo.
Haijapatikana.
Nikarudia, polepole,
kama mtu anayegonga nyumba anayojua ina watu.
Haijapatikana.
Yaredi akaacha kucheka. Ni adabu, lakini sikuihitaji.

Nawajua makarani. Tangu kadi ya kliniki,
tangu cheti cha ubatizo, tangu kuandikishwa Buigiri,
wanaandika jina la Kigogo kwa masikio ya kwingine.
Ile pumzi kati ya N na e
wao huidhani kikohozi.
Nikaitoa H.
Elfu moja na kumi na sita: Nembo, Nyemo.
Wamenigeuza nembo, kitu cha kugongwa juu ya barua
na kupitwa na macho.
Na herufi ile ile ninayorukia kichwa hadi kichwa
ndiyo waliyoidondosha njiani.

Chini ya jedwali: kitufe. Kitufe. Kitufe.
Vitatu, havina majina.
Aliyevichora aliviona, ikatosha.
Nikabonyeza cha kwanza, kikanitupa nje.
Nikaingia upya: H, H, T, nisharudi,
Yaredi hajamaliza kupangusa maji.
Nikabonyeza cha tatu. Barua ya wito ikashuka:
Jumanne, saa mbili, Mtumba, vyeti halisi.

Betri asilimia sita.
Kontroli. Sauti ikanyamaza, ukabaki upepo.
Nitakwenda na cheti chenye H yake.
Wakisema majina hayalingani
nitawaambia wapulize kidogo,
hapo, baada ya N.